Kamba ya Mkulima na Amri za Seva

Kila mwaka, mvua za mwezi Novemba zinapoanza kulowesha mbuga za Bariadi, wakulima wa pamba huingia mashambani na kamba. Kamba hiyo imetiwa alama kwa vipimo maalumu, nayo hutandazwa kutoka ukingo mmoja wa shamba hadi mwingine ili kila mbegu ianguke mahali pake. Kwa miaka ya karibuni wataalamu wa zao hilo wamehimiza nafasi ya sentimita 60 kati ya mstari na mstari, na sentimita 30 kati ya shimo na shimo, badala ya sentimita 90 kwa 40 zilizozoeleka zamani. Hesabu yake ni nyepesi. Ekari moja ina mita za mraba 4,047 hivi. Kwa nafasi ya zamani ekari hiyo hupata mashimo yapatayo 11,200. Kwa nafasi mpya hupata yapatayo 22,400.

Kamba yenyewe haina akili. Hata hivyo, ndani ya alama zake imehifadhiwa akili ya yule aliyeipima. Akiishika mtoto, kibarua au jirani aliyekuja kusaidia, mistari hutoka sawa, na mwenye shamba hana haja ya kusimama juu ya kila shimo. Lakini aliyeipima akikosea, akaweka alama kila baada ya sentimita 35 badala ya 30, kosa hilo halitaonekana kwa macho. Litarudiwa kwa uaminifu kamili katika shamba zima, na kila ekari itapoteza mashimo zaidi ya 3,000 bila mtu kujua sababu.

Mambo haya mawili, yaani faida ya kuhifadhi maarifa katika chombo na hatari ya kuhifadhi kosa ndani yake, ndiyo kiini cha kazi moja mpya inayozidi kuenea katika ofisi za Tanzania. Kazi hiyo ni usimamizi wa seva, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine.

Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu yako Bariadi, ulianzishwa mwaka 2012. Ulizaliwa katika kipindi ambacho shughuli za umma zilikuwa zinahama kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye mitambo. Mwaka 2017 ulizinduliwa mfumo mpya wa mipango na bajeti wa serikali za mitaa, pamoja na mfumo wa uhasibu wa shule na vituo vya afya. Mwaka huo huo ulianza mfumo wa malipo ya Serikali unaompa kila mlipaji namba ya kumbukumbu. Hivyo basi mwalimu mkuu, mganga wa zahanati na mkulima anayelipa ada, kila mmoja kwa namna yake, amekwisha kuwa mtumiaji wa seva ambayo hajapata kuiona.

Swali linalostahili kuulizwa Bariadi, na katika kila mji mkuu wa mkoa ulio mbali na pwani, ni hili: nani anayepima kamba? Ikiwa jibu ni kwamba kamba hupimwa mbali na watu wengine, na watu wa Bariadi huishika tu, basi maendeleo hayo ni ya kuazima.

WINGU NI NINI

Neno wingu limewapotosha wengi. Husikika kana kwamba taarifa zimepaa angani na kukaa huko pasipo mahali maalumu. Kwa hakika wingu ni majengo ya matofali na chuma, yenye maelfu ya kompyuta, umeme mwingi, mitambo ya kupoza hewa na walinzi mlangoni. Mtumiaji hainunui kompyuta. Hukodi sehemu ya nguvu yake kwa saa au kwa mwezi, kama mtu anavyolipia maji ya bomba bila kuchimba kisima chake.

Wazo hilo si geni. Mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani John McCarthy alisema kwamba siku moja nguvu ya kompyuta ingeweza kuuzwa kama huduma ya umma, sawa na simu. Katika miaka ya 1960 na 1970 kampuni ya IBM ilipata njia ya kuigawa kompyuta moja kubwa ili ifanye kazi kana kwamba ni kompyuta nyingi ndogo, kila moja ikijiona iko peke yake. Juu ya msingi huo kampuni ya Amazon ilianza mwaka 2006 kukodisha hifadhi na kompyuta kwa yeyote mwenye uwezo wa kulipa. Barani Afrika, Microsoft ilifungua majengo yake nchini Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020, na Google mjini Johannesburg mwaka 2024. Tanzania nayo ina kituo cha taifa cha data kilichoko Kijitonyama, Dar es Salaam.

Mahali lilipo jengo si jambo dogo. Ndani ya uzi wa kioo mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa umbali wa kilomita 1,000 za uzi, ujumbe huenda na kurudi kwa sehemu 10 za elfu ya sekunde. Ikiwa umbali wa kilomita 10,000, safari hiyo huchukua sehemu 100. Ukurasa mmoja ukihitaji safari 30 za kwenda na kurudi, mtumiaji wa karibu atangoja chini ya theluthi moja ya sekunde, na yule wa mbali atangoja sekunde 3 kamili, hata kabla ya kuhesabu ucheleweshaji wa mitambo iliyoko njiani.

Umbali una hatari nyingine iliyo kubwa zaidi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika katika pwani ya kusini-mashariki mwa Afrika. Intaneti ikadhoofika katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa mojawapo ya zilizoathirika sana. Seva iliyoko ndani ya nchi haihitaji uzi wa baharini kumfikia mtumiaji wa ndani, ilimradi njia za nchi kavu ziko salama. Kwa hiyo anayechagua wingu anachagua pia barabara ya kulifikia, na yafaa aijue barabara hiyo kabla ya kutia sahihi mkataba.

AMRI INAYOANDIKWA MARA MOJA

Msimamizi wa seva, awe na mashine chumbani mwake au akodi za mbali, ana kazi zinazojirudia siku hadi siku. Lazima atoe nakala za akiba, aangalie nafasi iliyobaki, aweke marekebisho ya usalama, afungue akaunti ya mtumishi mpya na kuifunga ya aliyehama. Zamani alichapa amri hizo kwa mkono, moja baada ya nyingine. Leo huweza kuziandika katika hati ambayo mafundi huiita skripti, kisha mashine ikaisoma na kuitekeleza kwa saa iliyopangwa.

Skripti njema ya nakala za akiba husomeka kama maagizo anayoachiwa mlinzi wa ghala. Ifikapo saa nane usiku, chukua nakala ya data yote. Ibane ipungue ukubwa. Ikokotolee alama ya uhakiki, ili badiliko lolote lijulikane baadaye. Ipeleke mahali pengine palipo mbali na mashine hii. Hakikisha imefika na alama ni ile ile. Ndipo ufute nakala zilizozidi siku 30. Hatua yoyote ikishindwa, acha kila kitu kama kilivyo, kisha mpelekee msimamizi ujumbe wa simu.

Mpangilio wa hatua hizo una maana kubwa. Kufuta kukitangulia kuhakiki, siku moja nakala za zamani zitaondoka wakati mpya haikufika, na ghala litabaki tupu. Mwanafunzi anayejifunza kuandika skripti hujifunza kwanza kabisa kufikiri kwa utaratibu, na kujiuliza katika kila mstari: je, hatua iliyotangulia isipofaulu itakuwaje?

Kuna hatua ya juu zaidi. Mtu akiambiwa, “Mimina ndoo moja ya maji mtungini,” akarudia amri hiyo mara tatu, mtungi utafurika. Akiambiwa, “Hakikisha mtungi umejaa,” anaweza kurudia mara mia pasipo madhara, kwa maana akiukuta umejaa hatafanya kitu. Amri ya kwanza hutaja tendo. Ya pili hutaja hali inayotakiwa. Mwaka 1993 Mark Burgess, aliyekuwa akifanya kazi mjini Oslo, Norway, alitunga programu iitwayo CFEngine iliyosimamia kompyuta nyingi kwa njia hiyo ya pili. Programu nyingi zinazotumika leo kusimamia mawingu zimefuata mkondo huo huo.

HESABU YA MAKOSA

Wapo wasemao kwamba fundi mwangalifu hana haja ya skripti. Mwanafunzi wa hisabati anaweza kuipima kauli hiyo mwenyewe. Ichukuliwe kwamba kurekebisha seva moja kunahitaji hatua 40, na kwamba fundi ni hodari sana, hukosea hatua moja tu katika kila 100. Uwezekano wa kumaliza hatua zote bila kosa ni 0.99 iliyopigwa kwa yenyewe mara 40, yaani 0.67 hivi. Maana yake, katika kila marekebisho matatu, moja litakuwa na kasoro.

Simiyu ina halmashauri sita: ya Mji wa Bariadi, na za Wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Kama kila moja ingekuwa na seva ya namna hiyo, hatua zingekuwa 240, na uwezekano wa seva zote sita kutoka salama ungeshuka hadi 0.09. Fundi huyo huyo hodari, asiyebadilika kwa lolote, angefaulu mara tisa tu katika kila mia. Ni wazi kwamba tatizo haliko katika uzembe wa mtu. Kazi imekua kupita kipimo cha mkono wa binadamu, na kumlaumu fundi hakuwezi kuirudisha katika kipimo hicho.

KAMBA MBOVU

Hata hivyo ingekuwa kosa kubwa kudhani kwamba skripti huondoa hatari. Huihamisha tu, ikaitoa mkononi na kuipeleka kwenye maandishi. Tarehe 28 Februari 2017 mtumishi wa Amazon, katika majengo yake ya Virginia Kaskazini, alikusudia kuondoa seva chache kwenye mfumo wa hifadhi. Alitumia amri iliyokwisha kuandaliwa, lakini akakosea neno moja alipoijaza, na seva nyingi kuliko zilizokusudiwa zikaondolewa. Huduma za watu wengi duniani zilivurugika kwa muda wa saa nne hivi. Kampuni hiyo haikuitupa amri yake. Iliirekebisha ili iondoe seva polepole, na ikatae kabisa kushuka chini ya kiwango cha usalama.

Mwezi uliotangulia, tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab ilipatwa na msiba wa namna nyingine. Fundi aliyekuwa akihangaika usiku na mashine yenye hitilafu alifuta data katika seva isiyohusika. Ilipotafutwa nakala ya akiba, iligunduliwa kwamba kati ya njia tano zilizowekwa hakuna iliyokuwa ikifanya kazi kwa uhakika. Kilichowaokoa ni nakala aliyoitoa mtu kwa mkono saa sita hivi kabla ya ajali, na kazi ya saa hizo sita ikapotea.

Mafunzo hayo mawili yanatosha kuwa sheria mbili za ofisi yoyote. Ya kwanza: amri yenye uwezo wa kuharibu iwe na breki ndani yake. Ya pili: nakala ya akiba ambayo haijapata kurudishwa kwa majaribio isihesabiwe kuwa nakala. Haihitaji fedha nyingi kutenga siku moja kila mwezi, kuchukua nakala ya usiku uliopita na kuifungua katika mashine nyingine, ili ijulikane kama kweli imo.

FUNDISHO LA MWAKA 1974

Tanzania ina historia yake yenyewe katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Matumaini yalikuwa makubwa, lakini mpango wa kuendesha hesabu za Serikali kwa mashine ulileta vurugu na gharama, na wajuzi wake wakuu walikuwa wageni. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Vijana wa leo wanaweza kuucheka uamuzi huo, lakini ulitokana na maumivu ya kweli: taifa lilikuwa limelipia chombo ambacho halikuwa na watu wa kutosha wa kukitawala.

Hatari hiyo haikutoweka kwa sababu kompyuta sasa zimejaa mifukoni. Wingu linaweza kuirejesha kwa sura ya kupendeza zaidi. Mkataba hutiwa sahihi, mgeni au mzabuni kutoka mji mkubwa huja kupanga kila kitu, huondoka na funguo kichwani mwake, na ofisi hubaki na namba ya simu. Siku namba hiyo isipopokelewa, kazi husimama. Hali huwa hiyo hiyo mjuzi anapokuwa mzalendo, ikiwa amri zote zimo kichwani mwake tu naye akapata uhamisho. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari huisha bila habari. Skripti ndilo daftari la msimamizi wa seva, na ofisi isiyokuwa nayo haina mali ya kukabidhi.

Kwa sababu hiyo yafaa kila halmashauri iweke kanuni kwamba amri zake zote ziandikwe, ziwekwe mahali pamoja, na kila badiliko liwe na tarehe na jina la aliyelifanya. Programu ya Git, iliyotungwa na Linus Torvalds mwaka 2005, hufanya kazi hiyo bila malipo. Na yafaa zaidi maelezo yaliyomo ndani ya skripti yaandikwe kwa Kiswahili. Mashine hairuki mstari kwa sababu maelezo yake ni ya Kiswahili; huyaacha maelezo ya lugha yoyote na kutekeleza amri. Lakini mtumishi mpya atakayeifungua hati hiyo baada ya miaka mitano ataelewa mara moja kwa nini mstari wa 14 umetangulia wa 15.

MASWALI YA WENYE SHAKA

Wenye shaka wana hoja nzito mbili. Hoja ya kwanza ni ya fedha na sheria: wingu la nje hulipwa kwa fedha za kigeni, na taarifa za wagonjwa au wanafunzi hazistahili kupelekwa kokote. Hoja hii ni ya kweli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, imeweka masharti juu ya kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi. Jibu lake ni kuchagua kwa busara: taarifa nyeti zikae nchini, na kazi isiyo na siri, kama vile ukurasa wa matangazo, ikodiwe popote palipo na bei nafuu. Skripti nzuri husaidia hata hapa, kwa kuwa ofisi yenye amri zilizoandikwa inaweza kuhama kutoka wingu moja hadi jingine kwa siku chache. Isiyo nazo hubaki mateka wa yule aliyeipangisha.

Hoja ya pili husema kwamba shule zenye upungufu wa madawati na maabara hazina nafasi ya mambo ya seva. Hoja hii inastahili heshima, lakini inakosea jambo moja. Elimu ya kuandika amri ni miongoni mwa elimu za kisasa zilizo rahisi kuliko zote. Haihitaji wingu wala intaneti. Mfumo wa Linux, ulioanza mwaka 1991, hutolewa bure na huendesha kompyuta kuukuu ambazo ofisi zimekwisha kuzitupa. Hata penye kompyuta moja kwa wanafunzi 40, hatua zinaweza kuandikwa kwanza ubaoni, pengine kwa chaki iliyotengenezwa na vijana wa Maswa, zikajadiliwa na kusahihishwa na darasa zima, ndipo mmoja azichape ili wote waone matokeo.

Mwalimu anaweza kuanza na kazi zenye faida kwa shule yenyewe. Skripti ya mistari kumi itanakili alama za mitihani kila jioni kwenye diski ya pili. Nyingine itatafuta mwanafunzi aliyeandikwa mara mbili katika orodha. Nyingine itasoma kipimo cha mvua cha kila siku na kutoa jumla ya mwezi. Katika kila moja wanafunzi waagizwe kuandika pia itakuwaje ikiwa faili halipo, diski imejaa au umeme umekatika katikati. Swali hilo ndilo linalotofautisha fundi na mchapaji.

Bariadi imezungukwa na watu wanaojua thamani ya kamba iliyopimwa vema. Mkulima hakubali kamba ya mtu asiyemfahamu iingie shambani mwake kabla ya kuikagua kwa rula, maana anajua kwamba mavuno ya msimu mzima yamo katika alama zile. Viongozi wa halmashauri, walimu na wazazi wa mkoa huo wakiidai hadhari hiyo hiyo katika mitambo inayotunza hesabu zao, matibabu yao na matokeo ya watoto wao, watakuwa wamedai haki yao. Na wanafunzi wa sekondari walioko madarasani leo ndio watakaoombwa kuikata kamba hiyo, kuipima na kutia alama zake. Inafaa waanze sasa kujifunza vipimo.